Bomba Linalopita Nyuma kwa Mama Mkwe

Nikiulizwa kazi yangu harusini au msibani, husema, "Niko maji." Aliyeuliza hutikisa kichwa kwa heshima, kisha huanza kunieleza jinsi mita ya nyumbani kwake Nyakato inavyokimbia kuliko ya jirani, nami huahidi kufuatilia, ingawa mita hazinihusu hata kidogo. Mimi nashughulika na maji baada ya watu kumalizana nayo. Baba yangu alilima pamba kwa jasho mpaka nikawa mhandisi, na bado sijapata ujasiri wa kumwambia mtu aliyeshika sahani ya pilau kwamba mimi naishi kwa choo chake.

Mji wetu umekaa juu ya mawe na kando ya ziwa, kwa hiyo uchafu wa wanaoishi chini hauwezi kuteremka wenyewe kwenda kwenye mabwawa ya kuusafishia. Ni lazima upandishwe mlima. Chini kuna pampu, mbali huko kuna mabwawa, na katikati kuna bomba la chuma lililofukiwa ardhini, limejaa muda wote na limebanwa kwa nguvu. Tunaliita bomba la msukumo. Bomba la kawaida la majitaka likitoboka huvuja taratibu, kwa aibu. Hili likitoboka linarusha. Na kwa kuwa limejaa, huwezi kulifunua ukachungulia kama sufuria ya maharage. Ukitaka kujua hali yake ni lazima upange: uanze na kipande kipi, utumie kifaa gani, pampu zizimwe saa ngapi, na wakati zimezimwa uchafu wa mji mzima ukae wapi usije ukamwagika ziwani. Kupanga huko ndiyo kazi yangu. Sichimbi na sizimi pampu. Napanga, na mwisho wa mwezi napokea mshahara kama watu waliochimba.

Kiangazi kilichopita niliambiwa niandae mpango wa kukagua bomba lote. Nikatengeneza jedwali kwenye kompyuta. Kila kipande nilikipa alama kwa umri wake, kwa udongo uliokizunguka, kwa nguvu ya msukumo, na kwa hasara itakayotokea kikipasuka. Kisha nikakipaka rangi: nyekundu kwa cha kukimbiliwa, njano kwa cha kuangaliwa, kijani kwa cha kuachwa kisubiri. Nilizipenda rangi zile kupita kiasi. Kuna siku nilimwita mke wangu aache kupika aje azione, akaja na mwiko mkononi, akatazama, akasema ni nzuri, akarudi jikoni.

Kipande cha Kiseke kilipata alama ndogo kuliko vyote. Bomba la pale ni jipya kuliko mengine, udongo ni mkavu, hakuna shule wala zahanati karibu. Kuna nyumba chache tu, na mojawapo ni ya mama mkwe wangu. Naapa hiyo haikuwa sababu. Naapa kwa sauti ndogo.

Hapa sina budi kueleza jambo. Kwetu Wasukuma, angalau katika ukoo nilikooa, mkwe wa kiume hamshiki mama mkwe mkono wala hamtazami machoni kwa muda mrefu. Akifika kwake anakaa sebuleni, anapakuliwa, anakula, anashukuru, anaondoka. Hapiti jikoni, na nyuma ya jiko ndiyo kabisa. Mimi nimeoa miaka mingi, nina watoto wanaonizidi kimo, lakini bustani ya mama mkwe nilikuwa naijua kwa njia moja tu: kwa kuila.

Na ilikuwa bustani ya kusifiwa. Mchicha wake ulikuwa na majani mapana, laini, na alipoupika kwa karanga hata mtu aliyeshiba angesogea mezani. Kiseke nzima ikikauka, kwake unachanua. Wanawake wa mtaani walikuja asubuhi na mabeseni kununua, na yeye ambaye ni mjane, ambaye bustani ile ndiyo iliyomsomeshea binti wa mwisho, alikuwa akiwaambia siri ni mkono. "Kuna watu mikono yao haikauki," alisema, akikung'uta udongo kwenye kanga.

Sasa, katika mpango wangu niliandika maelekezo kwa mafundi. Kabla ya kukodi vifaa, watembee kwa miguu juu ya njia yote ya bomba na kutazama dalili: ardhi iliyodidimia, harufu, na hasa mahali penye majani mabichi wakati wa kiangazi ambapo kila kitu kingine kimekauka. Sentensi hiyo niliiandika Ijumaa, nikaisoma tena, nikajipongeza. Jumapili tukatoka kanisani tukaenda kula kwa mama mkwe.

Tonge lilifika nusu ya safari kati ya sahani na mdomo. Nilitazama mchicha. Nikatazama dirishani, nikaona kilima cha Kiseke kilivyo rangi ya gunia kuukuu. Nikatazama tena mchicha. Ramani ya bomba niliichora mimi, naijua kuliko viganja vyangu, na mstari ule mweusi unapita nyuma kabisa ya jiko la nyumba ile.

"Baba, huli?" mama mkwe aliuliza kutoka mlangoni, macho yake yakiwa ukutani kama heshima inavyotaka.

"Nakula, mama," nikasema. Nikala.

Wahenga walisema mganga hajigangi, lakini sidhani walimfikiria mganga anayekula ugonjwa kwa karanga na kuomba kuongezewa. Nilijipa moyo kwamba mchicha ukichemka vizuri hakuna kijidudu kinachobaki. Watoto wangu hawapendi mboga za majani, na Jumapili zilizofuata, kwa mara ya kwanza tangu wazaliwe, sikuwalazimisha. Mke wangu alishangaa upole wangu.

Lakini usiku na mchana nilikuwa na hofu moja, na haikuwa ya tumbo langu. Kama bomba linavuja pale, basi mama mkwe alikuwa akiuzia mtaa mzima mboga iliyonyweshwa na vyoo vya mjini. Hakujua, lakini nani angejali? Mtaani watu husahau matusi, husahau hata ugomvi wa mipaka, ila hawasahau kitu walichokula. Jina lake lisingepona, na kwa mjane anayeishi kwa kuuziana na majirani, jina ndilo duka.

Kulikuwa na njia rahisi ya kujua. Ukichota maji kidogo kwenye udongo ule ukayapima, utatambua mara moja ni majitaka au ni kitu kingine. Ila kuyachota kulimaanisha mimi, mkwe, nipite jikoni, niinamie matuta ya mama mkwe nikiwa na kichupa. Afadhali nife. Kuwatuma mafundi nako kulimaanisha gari la ofisi, makoti yanayong'aa na kibao cha onyo mbele ya mlango wake, na kabla shimo halijafika magotini habari ingekuwa imefika Nyegezi. Kumweleza mke wangu, hapana. Mke wangu na mama yake hawana siri, wana simu.

Ndipo nilipopata wazo ambalo mpaka leo likitajwa natoka nje. Nikaamua kumtumia mshenga.

Mshenga wangu ni mjomba wangu, karani mstaafu wa meli, aliyenitolea posa zamani na kuniletea mke bila kutozwa ng'ombe hata mmoja wa ziada. Nilimweleza kila kitu. Nikamwomba aende kwa mama mkwe, amwambie kwa adabu kwamba bomba la majitaka linapita bustanini, na aniombee ruhusa fundi mmoja aje kimyakimya kupima.

Mjomba alinisikiliza mpaka mwisho, akavua miwani. "Hilo neno mimi silitamki kwa wakwe."

"Lipi, mjomba?"

"Hilo la bomba. Nyumba tuliyopeleka ng'ombe, leo nipeleke mavi? Niachie mimi. Nitaongea lugha ya kishenga."

Nikamwachia. Mpangaji mzima wa ukaguzi, ninayeandika kurasa juu ya hatari zinazowezekana na zisizowezekana, nikamwachia.

Mjomba akavaa suti, akaenda Kiseke asubuhi. Akapiga hodi, akaamkia kwa Kisukuma, mwangaluka, akaomba baba mdogo wa mke wangu aitwe, kwa sababu ujumbe wake hauzungumzwi na wanawake peke yao. Baba mdogo akaja. Chai ikaletwa. Kisha mjomba, kwa maelezo yake mwenyewe ambayo aliyatoa kwa fahari, akasimama na kusema kwamba kijana wao anashukuru sana kwa alichopewa katika nyumba ile, na hana malalamiko. Lakini kwa muda sasa ameona humo humo ndani kuna kitu kingine anachokihitaji, na ana aibu ya kukitaja mwenyewe, hivyo amemtuma awaandae. Akamaliza chai, akaaga, akaondoka ameridhika.

Katika nyumba ile alikuwepo mdogo wake mke wangu, aliyerudi kutoka chuo, hajaolewa.

Simu ilinikuta ofisini nikibadilisha njano kuwa nyekundu. "Uko wapi?" mke wangu aliuliza.

"Kazini."

"Kaa hapo hapo."

Alifika, akafunga mlango wa ofisi, jambo ambalo hata mkuu wangu wa kazi halifanyi. Hakupaza sauti. Ningependa angepaza.

"Mdogo wangu," alisema.

"Mdogo wako amefanya nini?"

"Umepeleka mshenga kwetu. Mama analia. Baba mdogo anauliza kama turudishe ng'ombe au tuitishe wengine. Na yule mtoto amejifungia chumbani, amesema akikuona atakumwagia maji ya moto."

Miaka yote ya ndoa na ya kazi, neno lile lilikuwa halijawahi kutoka kinywani mwangu mbele yake. "Ni mavi," nikasema.

"Nini?"

"Kitu ninachokitafuta kwenu. Siyo mdogo wako. Ni mavi."

Nikamwonyesha ramani, mstari mweusi, nyumba ya mama yake. Alinitazama mimi, akatazama ramani, akakaa kwenye kiti changu, akaanza kucheka. Alicheka mpaka akashika meza, mpaka na mimi nikaanza kucheka kwa nafuu. Halafu akaacha ghafla.

"Mchicha wa mama," alisema.

Jumamosi tukakutana sebuleni Kiseke: mama mkwe kwenye mkeka karibu na mlango wa jikoni, baba mdogo, mjomba aliyekuwa bado haoni kosa lake, na shemeji yangu amesimama kizingitini akinikata kwa macho. Mke wangu alikwishawaambia kwamba hakuna posa, ila aliniambia wazi kuwa la bomba nitalisema mwenyewe. Nikasimama. Nikasema kwamba nyuma ya nyumba ile, chini ya mchicha, linapita bomba la majitaka ya mji, na nina hofu linavuja.

Baba mdogo akashusha pumzi ndefu. "Kumbe ni choo tu," akasema, akaomba soda. Shemeji yangu akacheka puani, akaingia ndani. Sijawahi kuona taarifa ya majitaka ikipokewa kwa furaha kiasi kile, na nimezitoa nyingi.

Mama mkwe hakucheka. "Umeanza lini kuhofu?" aliuliza.

"Siku nyingi kidogo, mama."

"Na Jumapili zote hizo ulikuwa unakula."

"Nilikuwa nakula."

"Kwa nini?"

"Ulinipakulia," nikasema.

Alikunja na kukunjua pindo la kanga. Nilijua anahesabu kichwani kila beseni lililotoka mlangoni kwake, na kila mama aliyelibeba. Nilitamani bomba lile linipasukie mimi peke yangu. Hatimaye akasema, "Kuanzia kesho siuzi. Na wewe njoo mchana, na magari yako, na makoti yako. Mficha uchi hazai. Kama ni kweli, watu waone ni mimi niliyewaita."

Kipande cha Kiseke kikahama kutoka chini ya jedwali mpaka juu kabisa. Nilipanga ukaguzi ule kama sijawahi kupanga kitu. Nilichagua saa za asubuhi baada ya watu kuoga na kwenda kazini, wakati uchafu unaoteremka kwenye pampu ni kidogo, ili shimo la kituo cha chini liweze kuuhifadhi mpaka tumalize. Nilimsimamisha mtu pale kituoni akiwa na simu, anitangazie linavyojaa. Likijaa kabla hatujamaliza, ningelazimika kuwasha pampu na kufukia, na mama mkwe angebaki na tuhuma isiyo na jibu, ambayo ni mbaya kuliko jibu lolote.

Mtaa mzima ulikuja. Walijipanga kwenye ua wa minyaa kama wanaosubiri mkutano wa hadhara, na wateja wake wote walikuwemo, bila mabeseni. Mimi nikapita jikoni kwa mara ya kwanza maishani mwangu, nimevaa mabuti, nikimwomba radhi mama mkwe kwa kila hatua mpaka mke wangu akaniambia ninyamaze nifanye kazi. Mafundi wakang'oa mistari miwili ya mchicha. Mama mkwe alisimama mlangoni, hakugeuza uso.

Walichimba. Udongo ulitoka umelowa, kisha umelowa zaidi, na mimi moyo ukawa unashuka pamoja na sepetu. Bomba likaonekana. Fundi akalifuta kwa kitambaa, akalitazama juu, ubavuni, chini kwa kuingiza mkono. Rangi yake ilikuwa nzima. Akaweka kifaa kinachopima unene wa chuma kwa mawimbi ya sauti, akakisogeza hapa na pale, akanionyesha namba: chuma hakijaliwa. Simu ikaita kutoka kituoni, shimo la huko limejaa nusu. Nikawaambia mafundi wapanue upande wa pili. Na hapo, kwenye ukuta wa shimo mkabala na bomba letu, maji yakawa yanachuruzika, meupe kama ya kisima. Fundi akayakinga kwenye kichupa, akatia dawa, akakitikisa. Yakageuka rangi ya waridi.

Dawa ile hubadilika rangi kwa sababu moja tu, ikikutana na klorini. Yalikuwa maji ya kunywa. Bomba kuukuu la maji safi, linalopita sambamba na letu, lilikuwa limelegea kwenye kiungio na kumnyweshea mama mkwe bustani yake mwaka hadi mwaka.

Nilipanda juu ya rundo la udongo. Sikumbuki kuamua kupanda. Nikautangazia mtaa kwamba bomba la majitaka ni zima, kwamba mchicha ule umekuzwa kwa maji ya bombani yaliyotiwa dawa, masafi kuliko ya visima vyao wote, na asiyeamini aje aone kichupa. Wanawake wakapiga vigelegele. Mama mkwe akatoka mlangoni, akawatazama mmoja mmoja. "Mmesikia," alisema tu, lakini mabega yake yalishuka, nikaona ni kiasi gani alikuwa ameyabeba.

Furaha ilinizidi. Pale pale, mabuti yangu yakiwa kwenye matuta, nikawapigia simu wenzetu wa maji safi kuwaarifu kwamba bomba lao linavuja na ni wapi. Ni watu ambao huwa wanasubiriwa sana. Siku ile walifika kabla hatujamaliza kufukia. Wakabadilisha kiungio, wakakaza, wakanishukuru kwa ushirikiano, na sisi tukawasha pampu. Jioni nilirudi mezani kwangu nikakipaka kipande cha Kiseke rangi ya kijani, safari hii kwa haki.

Jumapili iliyofuata majani yalikuwa yameanza kuinama. Jumapili ya pili, matuta yalikuwa na rangi ya kilima. Wateja waliorudi kwa vigelegele walikuja na mabeseni, wakatazama, wakaenda sokoni. Hakuna aliyemsema vibaya. Hawakuwa na sababu ya kumsema, wala ya kuja.

Tulikuta ugali na dagaa. Nikanawa, nikakaa. Mama mkwe hakwenda jikoni kama kawaida yake. Alikaa sebuleni mbele yangu na, kwa mara ya kwanza tangu nimwoe binti yake, akanitazama usoni.

"Baba," alisema taratibu, bila hasira, "ulipodhani ni mavi, ulikula ukanyamaza. Ulipojua ni maji, ukaita watu wakayafunga."

Mke wangu aliinamia sahani. Nikaacha tonge, nikainuka, nikapita jikoni bila kuomba radhi, nikachukua ndoo iliyokuwa nyuma ya mlango nikamwagilie matuta. Hakuna aliyenizuia. Niliiweka chini ya bomba la uani, nikafungulia mpaka mwisho, na nikasimama pale nikisikiliza hewa bombani, kwa sababu siku hiyo maji hayakuwa yanatoka.